Vifaranga Chini ya Cherehani

Binti yake alipomletea vifaranga ndani ya boksi la viatu, yule mzee fundi cherehani aliwatazama kama mtu aliyeletewa watoto wa jirani awalee.

"Sasa hawa niwafanyeje?"

"Uwafuge, Baba. Utapata wa kuongea nao."

"Mimi nina redio."

"Redio haikusikilizi."

Binti alikaa siku chache, akazungushia wavu wa waya kwenye kona ya ua kuwa banda lao, akanunua chakula cha vifaranga, kisha akaondoka na basi la asubuhi kurudi kazini kwake, mbali. Nyumba ikarudia ukimya wake, ule ulioingia bila hodi siku alipozikwa mke wa fundi.

Wateja nao walikuwa wamepungua. Watu siku hizi hununua nguo zilizokwisha kushonwa. Kwake walileta suruali ya kupunguza au zipu iliyogoma. Waliweka, wakachukua, wakaenda zao.

Alasiri moja, kwa sababu ya joto, aliuacha mlango wa nyuma wazi. Vifaranga, ambao sasa walikuwa wameota manyoya ya kikubwa na kurefuka shingo ovyo kama vijana wanaoanza kubalehe, waliingia mmoja mmoja, wakichungulia. Yeye alikuwa akila mkate. Akadondosha kipande. Walikirukia kwa vikumbo na kelele, na fundi akacheka. Kicheko hicho kilimshtua mwenyewe, maana alikuwa hajakisikia kwa muda mrefu.

Toka hapo ikawa mazoea. Kila alasiri, alipochoka kushona, alichukua kibakuli chenye wali uliobaki, tango lililokatwakatwa au kiini cha yai la kuchemsha, akawadondoshea kidogo kidogo pale pale chini, karibu na kanyagio la cherehani. Wakishiba, walijilaza miguuni pake. Mdogo kuliko wote, mtetea wa rangi ya kahawia aliyekuwa mviringo kweli kweli, alimwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani. Bobini hakuwa na muda wa kugombania vya sakafuni. Alipanda juu ya kiatu cha fundi, akanyoosha shingo, akala kiganjani. Mdomo wake uligonga kiganja taratibu, kama mgeni anayebisha hodi kwa aibu.

Mkewe alipokuwa hai ndiye aliyefagia chumba kile, na hakuvumilia kuona uzi sakafuni. Sasa fundi alifagia akikumbuka, na alikumbuka kwa nadra. Vipande vya nyuzi vilitapakaa chini kama nyasi, yeye hana habari. Macho yake yalikuwa kwenye mshono.

Asubuhi moja alifungua banda. Wenzake wakatoka mbio, Bobini akabaki ndani, kichwa kimeinama. Fundi alimletea wali, Bobini akageuza shingo. Akamletea kiini cha yai, ambacho jana yake tu alikidonoa kiganjani kwa pupa. Hakukigusa. Alipombeba ndipo akaona ncha ya uzi mweusi ikining'inia pembeni mwa mdomo.

Maisha yake yote, uzi ukitokeza, yeye huvuta. Vidole vikaushika kabla hajafikiri, vikavuta. Uzi ukakataa. Bobini akapiga mbawa na kutoa sauti nyembamba, ya maumivu.

"We Fundi! We! Usivute!"

Alikuwa Mama Mayai, jirani mfugaji aliyeuzia mayai mtaa mzima. Miaka yote walikuwa wakisalimiana juu ya ukuta mfupi, basi. Leo alizunguka na kuingia uani, mikono imejaa pumba.

"Ukivuta utamchana matumbo. Lete mkasi."

"Mkasi wangu wa vitambaa?"

"Leo ni wa kuku. Lete, baba!"

Mama Mayai aliukata uzi karibu kabisa na mdomo, kisha akauchukua mkono wa fundi na kuuweka chini ya shingo ya Bobini. Palikuwa pagumu kama ngumi ya mtoto.

"Hili ndilo gole, mfuko wa chakula. Saa hizi, kabla hajala, lingekuwa tupu. Huyu chakula cha jana hakijashuka, nyuzi zimeziba njia. Alizipata wapi?"

Fundi alimwonyesha mlango wa nyuma. Mama Mayai akachungulia sakafu.

"Lo! Umemwandalia meza kabisa." Kisha akauona uso wa fundi, akashusha sauti. "Haya, hukujua. Na changarawe wanapata?"

"Changarawe za nini?"

"Vijiwe, Fundi! Kuku hana meno. Vyakula vyako vyote hivyo anavisagia nini? Unamkaribisha mtu mezani na meno hujampa!"

"Atakufa?"

"Sijui. Sitakudanganya. Mpe mafuta ya kula, tone moja moja, umkande gole pole pole. Leo asile kitu, maji tu."

Siku ile cherehani haikulia. Fundi aliketi na Bobini mapajani, akimkanda kwa vidole vyake vya kazi. Mteja mmoja alipita.

"Fundi, suruali yangu?"

"Bado. Nina mgonjwa."

Mteja akaangalia kuku, akaangua kicheko. Alipoona anacheka peke yake, akaaga.

Jioni binti akapiga simu. "Vifaranga hawajambo, Baba?"

"Hawajambo," akasema. Angemwambia nini? Vifaranga walikuwa na ua mzima wa kulia. Aliyetaka waje ndani, kwenye nyuzi, ni yeye, apate kitu cha kumgusa miguu. Kama Bobini angekufa, angekuwa amekufa kwa ajili ya upweke wake.

Kesho yake gole lilikuwa limelainika. Kabla ya adhuhuri Bobini alijikakamua, akainua mkia, na kinyesi kikatoka na fundo la uzi mweusi.

"Mama Mayai! Umetoka! Uzi umetoka!"

"Hongera, Fundi!" Jirani alicheka nyuma ya ukuta mpaka akakohoa. "Nimeona wanaume wakishangilia mengi, lakini mavi ya kuku, leo ndiyo mara ya kwanza!"

Fundi alipiga magoti, akafagia chumba pembe kwa pembe. Chini ya cherehani alikuta nyuzi zaidi, na pini, pini kabisa. Alijua angefagia leo, na kesho zingeanguka nyingine. Akachukua ubao, akaupigilia kizingitini mwa mlango wa nyuma.

Alasiri vifaranga walikuja hadi kwenye ubao, wakalia wakitaka kuingia. Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu asiwasikie. Aliwasikia. Mwishowe akatia kwenye kibakuli majani mabichi aliyoyakatakata, akachukua na kopo la changarawe, akawafuata nje, akachuchumaa juani.

Walikula kwa fujo ile ile. Bobini, ambaye shingo yake ilikuwa bado nyembamba, alidonoa kiganjani mara mbili tatu, kisha akaona mdudu akikatiza mchangani. Akaruka, akamnyakua, akatimua mbio, na dada zake wote nyuma yake, mpaka mwisho wa ua. Hakuna aliyegeuka. Chini ya cherehani walikuwa wakimlalia miguuni. Huku nje palikuwa na udongo wa kuchakura, majani ya kupekua, jua la kuota.

Fundi alibaki ameshika kibakuli kitupu. Suruali ya mteja ilikuwa inamngoja ndani. Akageuza ndoo juu chini penye kivuli cha ukuta, akaketi, akawatazama wakichakura kule mbali, na hakuwaita.