Rakaa Mbili za Alhamisi

"Mama Shufaa, bwana yako anapaka muguu wa kuume tu, wa kushoto aliuacha wapi?"

Marcelline, jirani yao Mkongo kule Durban, aliuliza hivyo siku alipoonyeshwa picha kwenye simu: jiwe la mlimani, na juu yake unyayo wa rangi ya njano. Ndiyo kazi aliyoifanya Karimu, mume wa Shufaa. Alitia alama njia ndefu ya miguu, ile itokayo milima ya Magaliesberg ikashuka hadi Drakensberg, ili wanaoitembea wiki kwa wiki wasipotee. Kiolezo alikikata kwa kufuatisha kandambili yake mwenyewe, na siku hiyo ya kushoto ilikuwa imekatika. Basi milima yote ikawa imepitwa na mtu wa mguu mmoja. Walicheka mpaka chai ikapoa.

Karimu alifariki kwa maradhi ya kifua. Shufaa akakaa eda yake, miezi minne na siku kumi, hakuruka hata moja. Hakulia pia. Watu wakasema ana subira. Yeye alijua si subira, ni ganzi, kama mkono ulioulalia. Eda ilipokwisha akajiunga na kundi la wanawake wa Durban waliokwenda kuitembea njia ile. Akakanyaga nyayo za mumewe moja baada ya nyingine, akiungoja moyo useme neno. Siku ya kumi na moja kilichosema ni kiatu: soli ya buti ilibanduka yote.

Wenzake wakapumzika Heidelberg. Yeye akapanda teksi hadi Johannesburg, Jeppestown, kwa wifi yake Mwanaasha, dadake Karimu. Fundi viatu Shehe wa chini ya ghorofa akaligeuza lile buti, akasema, "Alhamisi, mama." Ijumaa alfajiri kundi lingeondoka, naye si wa kupita milima peke yake. Akichelewa, ndiyo basi.

Mwanaasha hakutaka aende. Hakusema mara moja. Alipika wali wa nazi, akamwachia kitanda chake, akamchukua Newtown kwenye meza yake ya kuuzia kanga. Jumatano ndipo akaanza, mikono ikiwa ndani ya karai la vyombo.

"Wifi, mimi nakuhesabu."

"Unanihesabu nini?"

"Rakaa. Tangu uje, adhuhuri mbili, alasiri mbili, isha mbili. Unaswali kama mtu aliyeacha gari linanguruma nje."

"Mimi msafiri."

"Msafiri kwa wifi yako? Weka nia ya kukaa, uswali nne zako kwa utulivu. Chumba kipo, meza ya kanga ipo."

"Nimesikia."

"Eish, hata ukuta huu umesikia." Mwanaasha akasugua sufuria, kisha sauti ikashuka. "Huko unamfuata nani? Karimu kazikwa Durban. Mlimani kuna rangi tu."

"Najua ni rangi."

"Mimi nikikutazama ndiyo namwona kaka yangu. Ukienda nabaki na nani? Binti yangu nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu."

Shufaa alijua hapo ni mahali pa kuhurumia, kama mtu ajuavyo maji ni ya moto kwa kuona mvuke. Hakusikia kitu. Akafuta sahani, akaipanga.

Alhamisi, adhuhuri haijaingia, buti likarudi limeshonwa kwa uzi mnene mweusi. Shufaa akaliweka mlangoni kando ya begi, na adhuhuri ilipoingia akaenda kutawadha. Aliporudi, Mwanaasha alikuwa ameketi kwenye kochi nyuma ya mswala, tasbihi mkononi, wala haivuti. Wote wawili walijua sheria: aliyenuia kukaa siku nne si msafiri tena, na nia ya kupunguza swala hutiwa pale pale kwenye takbiri. Haingoji.

Shufaa akasimama. Nia mahali pake ni moyoni, na moyo wake miezi yote hii ulikuwa chumba kisicho na mtu. Akaingia humo kutafuta. Hakukuta huzuni, hakumkuta Karimu, hakukuta hata woga. Akakuta nia moja, ndogo, imekaa kimya. Akainua mikono.

Rakaa ya kwanza. Ya pili. Akakaa tahiyatu. Nyuma yake kochi likalia. Mwanaasha ameinama mbele, anatazama kama atanyanyuka.

Shufaa akatoa salamu kulia, akatoa kushoto. Kisha akasimama tena.

Mwanaasha akashusha pumzi, akidhani ni sunna ya mtu asiye na safari. Lakini ilikuwa alasiri. Shufaa alikuwa akiivuta mbele, mbili nyingine, kama afanyavyo mtu ambaye alasiri ikiingia itamkuta njiani.

"Haya," Mwanaasha akasema baada ya salamu ya pili. Akaenda jikoni, akarudi na mfuko wa tende, akauchomeka ndani ya begi na kufunga zipu kwa nguvu. "Ukiona pale alipokosea, palipomwagika rangi, ndiye huyo kaka yangu. Alikuwa na haraka tangu utoto."

Shufaa akafunga kamba za buti. Akaubusu mkono wa wifi yake, akatia begi mgongoni, akatanguliza mguu wa kushoto, akatoka.