Tundu la Mgongoni

Saa tisa alasiri, fundi cherehani alikuwa anatia zipu kwenye suruali ya shule. Mwanawe, aliyezikwa wiki sita nyuma, akaingia na kukaa kwenye kiti cha wateja. Alivaa gwanda lake la kikosi maalumu, lenye tundu mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usiegemee hapo, kuna nguo ya mtu nimeshaipiga pasi."

Akasogea. Tundu lilikuwa kubwa kama kifungo cha koti. Lilipita kwenye gwanda, likampenya na yeye mwenyewe, lakini aliyechungulia hakuona ukuta. Aliona posta siku ile ilipovamiwa: mateka kumi na wanne wamelala kifudifudi, moshi, na askari mmoja akiwatoa mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa karani, amejikunyata chini ya kaunta. Mtu mwenye bunduki anainuka nyuma ya mizani ya vifurushi. Askari anageuza mgongo, anamfunika karani kama kuku na kifaranga.

Ripoti ya jeshi ilisema vingine. Kapigwa mgongoni, na apigwaye mgongoni alikuwa anakimbia. Kwa hiyo jina lake halikuandikwa kwenye ubao wa mashujaa, getini kambini. Fundi alitaka hilo tu, jina.

"Mwachie Mungu, yeye anajua," majirani walimwambia.

"Anajua. Asiyejua ni meja aliyeandika ripoti."

Mwanawe alikuja kila alasiri. Karani wa posta naye akaja, akafumba jicho moja, akachungulia.

"Mimi yule pale," alisema. "Kumbe kiatu kilinivukia pale."

Akaandika barua kambini. Haikujibiwa. Wateja walichungulia wakisubiri kupimwa.

"Bwana askari, wewe sinema ya bure," mmoja akamtania.

"Ya bure kwenu," akajibu.

Alhamisi, mwanawe akiwa kitini, meja alikuja na suruali yake ya sherehe, inayombana kiunoni.

"Baba, kabla ya suruali, chungulia," fundi alisema.

Meja akavua kofia, akapiga goti. Alichungulia muda mrefu. Aliona kaunta, akamwona karani. Mbali kidogo, kupitia dirisha la posta, aliliona gari lake, na yeye mwenyewe chini yake, amekumbatia tairi.

Akasimama, akapangusa goti.

"Kijana alikuwa hodari, nani asiyejua."

"Basi kaandike."

"Mama, ripoti ina muhuri. Na wewe ni fundi, tundu lenyewe dogo. Litie kiraka, yaishe."

"Sitii kiraka mpaka nijue nguo imechanwa na nini. Mimi najua. Na wewe sasa unajua."

"Suruali naihitaji Jumamosi," meja alisema.

Fundi hakuwahi kuharibu nguo ya mtu. Aliiongeza kiuno vidole viwili, ikamkaa vizuri. Jumamosi meja alivishwa nishani ya uokoaji wa posta.

Jumatatu, saa tisa, mwanawe akaingia.

"Shikamoo mama. Wameandika jina?"

"Marahaba. Wameandika."

"La nani?"

"La meja."

Mwanawe akageuza kiti, mgongo ukatazama barabara. Fundi akasogeza cherehani pembeni, asiwazibe watu.