Radiateri ya Siku Mbaya

Gari ilikuwa imekwisha kupita nyumba za mwisho za Bulengera, pembeni ya Butembo, wakati Katungu, ambaye macho yake hayakuona tena kitu isipokuwa mwanga, aligeuza uso kuelekea nyuma akanusa.

— Papa Lusenge, mafuta inaungua.

— Ni batu banachoma majani mu shamba, mume wake Kahongya, baba ya Lusenge, alijibu, mikono yote miwili kwenye usukani.

— Majani hapana. Macho ndiyo ilikufa. Pua iko nzima.

Ananie, mdogo wake Katungu, alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mbele tu ya moteri, na kle zake, funguo za fundi, zimefungwa ndani ya kitambaa juu ya magoti. Alikuwa fundi wa magari tangu ujana wake.

— Shemeki, dada anasema kweli. Miye nimekalia hiyo moshi.

— Kalia na unyamaze.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, mwaka wa elfu mbili, vita ya pili ya Kongo ikiwa inaelekea kutimiza mwaka wake wa pili. Tangu Jumatatu daktari wa macho kutoka Kampala alikuwa Beni. Angepokea wagonjwa mpaka Alhamisi saa tisa, kisha ndege ingemchukua. Muuguzi mmoja wa Butembo alikuwa amemulika macho ya Katungu na tochi, akasema: macho haya hayakufa, yamefunikwa tu na pazia nyeupe, na daktari akiitoa pazia, mama ataona. Lakini mutu wa kuitoa haishi huku, na vita haijaambia mutu kama atarudi.

Basi kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa hamsini na kitu, na Kahongya alikuwa na gari. Hapo ndipo shida ilianzia.

Gari yenyewe ilikuwa Volkswagen ya mwaka wa sitini na saba, ile yenye mgongo wa kobe na moteri nyuma. Padri Henri alimwachia Kahongya, dereva wake, siku aliporudi kwao Ubelgiji. Gari hiyo hainywi maji. Inapozwa na upepo na mafuta, na mafuta yake yanapita ndani ya radiateri ndogo ya chuma, ukubwa wa kitabu cha misa, iliyosimama ndani ya bati la upepo. Ikitoboka hiyo, moteri inatapika damu yake yenyewe. Padri aliacha pia radiateri nyingine, mpya, ndani ya kitambaa, akasema: "Kahongya, hii ni ya siku mbaya." Neno hilo liliingia kichwani mwa Kahongya likakaa humo kama mpangaji asiyetaka kuhama. Kila mwaka alitazama siku zake, akaona mbaya ni nyingi, lakini hakuna iliyostahili.

Mwaka wa tisini na nane, wakati askari walipita nyumba kwa nyumba wakibeba radio, magodoro, mpaka milango, aliiweka radiateri mpya ndani ya mfuko uliokuwa umeleta samaki ya chumvi kutoka Kyavinyonge. Akaufunga mafundo saba, akauzika nyuma ya jiko, katikati ya migomba. Mwizi akichimba, atanusa samaki ya kuoza, ataacha. Hesabu hiyo ilimfurahisha sana. Aliihadithia kwa kila mgeni aliyemwamini.

Jumatatu Ananie aliangalia moteri, akaona radiateri ya zamani inalia mafuta kwenye maungio.

— Tuweke mpya. Leo natoa, kesho munaenda.

— Nikiweka mpya nitabaki na nini?

— Na gari yenye kutembea.

— Na ikiharibika?

— Shemeki, itakuwa mpya!

— Mpya nayo inaharibikaka.

Jumanne Ananie alirudi na kle zake. Kahongya alikuwa amepaka sabuni kwenye ufa, akasema tungojee kwanza tuone kama itakauka. Jumatano ufa ulikula sabuni yote na kuanza tena kulia. Jioni hiyo Kahongya alichimba kati ya migomba, akatoa mfuko, akautia mbele ya gari, kwenye sanduku la mizigo, bila kugusa fundo hata moja. Tutaibeba, alisema. Ile ya zamani ikikufa mu njia, ndiyo itakuwa siku mbaya yenyewe. Siku hizo tatu Katungu alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mfuko wake wa nguo miguuni. Alikuwa ameutayarisha tangu Jumapili.

Kabla ya Maboya, kijiji cha njiani, walikuta kizuizi: mti umelazwa barabarani, na askari mmoja mwenye sauti ya watu wa mbali, wa jimbo la Ekwateri huko, aliyeletwa na vita na kusahauliwa hapo.

— Papa, fungula moteur.

Kahongya alienda nyuma, akafungua. Askari aliinama, akatafuta, akainuka.

— Radiateur ya mayi iko wapi?

— Hakuna, chef. Hii gari hainywe mayi.

— Gari bila mayi? Uliuzisha radiateur?

— Chef, ni gari ya upepo, Ananie alisema kwa dirisha.

— Donc munakunywaka upepo! Askari alicheka peke yake, kisha akaenda mbele, akainua kifuniko cha mizigo. Harufu ilimpiga usoni. — Na hii makayabo?

— Samaki hapana, chef. Ni kipuri cha gari.

— Kipuri inanuka samaki? Fungula.

— Fungua tu, shemeki, aone, Ananie alisema.

Lakini Kahongya alisimama mbele ya mfuko kama kuku juu ya mayai. Kipuri kipya machoni pa askari si kipuri tena, ni zawadi. Kahongya alienda mlangoni, akanyoosha mkono chini ya kiti, akatoa kapu la chakula: ndizi za kuchemsha, maharagwe, na kuku mzima ambaye binamu yao Florentine alimkaanga kwa ajili ya siku za hospitali. Askari alifunua, akanusa, akafunika. Mti uliinuliwa.

— Nenda, papa wa upepo.

Walitembea kama nusu saa.

— Umemupa chakula yangu ya hospitali, Katungu alisema.

— Nimeokoa radiateri.

— Ya nani?

Kahongya alipiga honi mbele ya barabara tupu.

Walipita Maboya. Kwenye kilima kilichofuata taa nyekundu ya mafuta iliwaka, ikazimika, ikawaka tena, ikabaki. Nyuma moshi ulikuwa mweupe na mnene, na Ananie alikuwa anapiga paa na kiganja.

— Zima! Zima, utaua moteri!

Kahongya alizima. Nyuma yao barabara ilikuwa na mstari mweusi wa mafuta, mrefu, uliopinda kila walipopinda. Jua lilikuwa karibu na saa sita. Ananie alifungua nyuma, mafuta yakamdondokea viatuni.

— Sasa niambie, shemeki. Siku mbaya imefika ao bado?

Kahongya alitazama barabara upande wa Butembo, kisha upande wa Beni, kama mtu anayetafuta kama kuna nyingine mbaya zaidi inakuja.

— Imefika, alisema.

Ananie alifungua bati la upepo, akiungua vidole na kutukana polepole. Saa moja ilipita. Radiateri ya zamani ilitoka, imepasuka kwenye maungio kama mdomo wa mtu mwenye homa.

— Mafuta tuko nayo kidogo mu bidon. Itatosha. Leta mpya.

Kahongya aliuleta mfuko kwa mikono miwili. Alianza fundo la kwanza. Kamba ilikuwa imeoza na kukaza. Alilifungua, akaanza la pili. Ananie alimnyang'anya, akakata yote kwa kisu. Kitambaa cha padri kilitoka na rangi ya chai.

— Nipe nishike, Katungu alisema. Alikuwa amekaa kwenye majani, mikono mbele. — Miaka yote hii nalala na hii kintu mu nyumba moja, sijaishika.

Kahongya aliiweka mikononi mwake. Vidole vyake vilipita juu, vikateremka, vikasimama.

— Hapa kuna tundu. Vidole viliendelea. — Hapa ingine. Hapa kidole inaingia.

— Acha, mama, Kahongya alisema.

— Hapa inavunjika kama mukate.

Ananie aliichukua, akaipuliza, vumbi jekundu likaruka, akamrudishia.

— Ni chumvi. Shemeki, ulizika chuma ndani ya chumvi.

— Ilikuwa mufuko ya samaki!

— Na samaki ya Kyavinyonge inakujaka na nini? Na sukari?

Kahongya alipiga tairi teke. Alitukana askari wa tisini na nane na askari wa asubuhi. Alimlaumu padri, ambaye hakusema chumvi inakula chuma, kisha akamlaumu muuguzi na tochi yake. Alisema warudishe ile ya zamani na sabuni. Ananie alimwonyesha ufa: ngumi ya mtoto ingepita. Kahongya alisema wavute gari mpaka Maboya, warudi nyumbani, waende siku ingine.

— Siku gani? Katungu aliuliza.

Kahongya alipiga tairi teke tena.

Katungu ndiye aliyeisikia pikipiki kwanza, ikitoka upande wa Butembo. Kabla wanaume hawajageuka alikuwa amesimama katikati ya barabara, radiateri mbovu mkononi, mkono mwingine juu. Pikipiki iliteleza, ikasimama hatua mbili mbele yake. Mwenye nayo, Phinées, mfanyabiashara, alikuwa amefunga makatoni mawili ya sabuni nyuma.

— Mama, unatafuta kufa?

— Natafuta Beni. Saa ngapi?

— Saa nane inakaribia. Mais nafasi iko wapi? Niko na sabuni.

— Sabuni itabaki na bwana yangu. Anajua kuchunga bintu.

Ananie aligeuka upande ili asicheke.

— Ule mutu ataenda kukuangusha! Kahongya alisema.

— Akiniangusha, itakuwa karibu na Beni kuliko hapa.

Phinées alimtazama Kahongya, mwanaume kwa mwanaume, akingoja. Kahongya alisimama na mafuta mikononi. Kisha alienda nyuma ya pikipiki, akafungua kamba ya makatoni, mafundo manne, haraka, bila kukata hata moja. Akavua koti lake, akalikunja, akaliweka pale mke wake angekaa.

— Mushike mu kiuno, alimwambia. Na macho, ufunge. Vumbi.

— Macho! Katungu alisema, na pikipiki ikaondoka.

Katungu alifika hospitali dakika kumi kabla ya saa tisa. Daktari alikuwa na muda wa jicho moja. Alimtoa pazia ya jicho la kulia. La kushoto halikufanywa, kwa sababu daktari hakurudi tena.

Kahongya na Ananie walisukuma gari mpaka Maboya na watu waliotoka mashambani, wakaiacha kwenye uwanja wa katekista Zacharie. Ijumaa Kahongya alifika Beni kwa miguu, katoni moja kichwani. Ananie alibeba ya pili. Phinées alihesabu sabuni zake, zikatimia. Huyo alikufa kwa homa miaka mitatu baadaye.

Gari haikuondoka Maboya. Mwaka uliofuata magurudumu yalichukuliwa, kisha viti. Kuku wa Zacharie walitaga ndani.

Ananie alihamia Kasindi, anatengeneza magari yanayokunywa maji.

Kahongya alikufa mwaka wa elfu mbili na tisa, Butembo, kwa uzee. Katungu anaishi Bulengera kwa mtoto wake Lusenge na anapitisha uzi kwenye sindano bila msaada. Radiateri yenye matundu iko kwake, inashikilia mlango wa jiko upepo usiufunge.