Kikaango Kilichosuguliwa

Asubuhi baada ya kumfukuza mjane wa kaka yake, muuguzi alikunja mikono ya gauni, akakitumbukiza kikaango cha chuma kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, akaanza kukisugua kwa waya. Kilikuwa kizito, cheusi tititi. Weusi ule haukuwa uchafu. Ulikuwa mafuta: kila alipomaliza kupika, mjane alikipaka kidogo na kukichoma hadi moshi uishe, na mama mkwe wake alifanya vivyo hivyo kabla yake.

Tabaka la juu lilipobanduka, sauti ya marehemu kaka yake ilitoka kwenye beseni.

“Chumvi imezidi,” ilisema, kisha ikakohoa.

Mdogo wao, fundi cherehani, aliyekuwa mezani akisubiri chai ipoe, aliinua kichwa. “Kaka huyo.”

“Ndiye,” alisema muuguzi. “Chumvi ilikuwa haimpendi.” Akaendelea kusugua.

Maneno ya karibuni yalitangulia, ya zamani yakafuata, kwa hiyo majibu yalitoka kabla ya maswali. Povu lilipogeuka rangi ya kahawa, zilisikika sauti zao wenyewe wawili: “Tumesikia, kaka. Tumekubali.” Kisha ikaja ya kaka, taratibu, kama mtu anayetafuna: “Nyumba hii nimejenga na mke wangu. Nikifa, asitolewe na mtu.”

Jirani aliyekuwa akianika nguo nje ya dirisha alisikia yote. “Poleni,” alisema. “Marehemu alikuwa na sauti nzuri.”

“Asante,” alijibu muuguzi.

Fundi alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari. “Basi dada, si amesema?”

“Nani? Maji ya beseni? Kamwage.”

Fundi akaenda kumwaga. Muuguzi alisugua hadi kwa mama yao, aliyesema kwamba huyu binti yake ana mkono mwepesi wa kuchukua vya watu, na akasugua kupita hapo. Mwishowe kikabaki chuma cha kijivu, kimya.

Kesho yake kilikuwa kimeota kutu. Mayai yaliking’ang’ania kama kupe, na yaliyobanduka yalikuwa na ladha ya misumari. Sufuria nyingine zilikuwa nyembamba na ziliunguza kila kitu. Muuguzi akakifunga kikaango kwenye gazeti, akaenda nacho hadi chumba alichohamia mjane. Hakupiga hodi.

“Wifi, kimeota kutu.”

Mjane alikitazama. “Umekisugua kwa waya.”

“Nimekisafisha.”

“Kilisema?”

“Kilisema.”

“Habari ya nyumba?”

“Ya nyumba, ya chumvi, mengi tu.”

“Na mlisikia.”

“Sisi si viziwi.”

Muuguzi alikuwa anaangalia ukuta, mahali rangi ilipobambuka.

“Sasa narudi lini?”

“Usianze, wifi. Nimekuja kwa ajili ya kikaango.”

Mjane aliwaza kumwambia akakiloweke kwenye ndoo usiku kucha, kikaliwe na kutu hadi kitoboke. Kisha akapitisha kidole juu ya kutu. “Chuma hakijanikosea,” alisema. “Kisugue kwa chumvi kavu. Kisuuze, ukikaushe motoni. Paka mafuta, halafu uyafute yote, kama vile ulikosea kuyapaka. Kichome hadi moshi uishe. Rudia hadi kiwe cheusi.”

“Na kitashika maneno tena?”

“Kila litakalosemwa mafuta yakiwa ya moto.”

“Asante.”

“Shukrani yako kaa nayo. Funga mlango ukitoka.”

Muuguzi alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Kikaango kimekuwa cheusi tena, na mayai yanateleza juu yake yenyewe. Jikoni hakuna anayefungua kinywa. Fundi akitaka chumvi, ananyoosha kidole. Jirani akipita dirishani anawapungia mkono, nao wanampungia. Wakimaliza kula, muuguzi anakifuta kikaango, anakipaka mafuta, anakichoma, anazima jiko na kungoja kipoe. Ndipo wanatoka uani na kuzungumza juu ya mpangaji atakayeingia chumba walimomtoa mjane.