Kigae cha Mji wa Wareno

Mama alikwisha kutandaza kaniki yake na kuzamisha vidole kwenye udongo wa makaburi ya kanisani, mtu akakohoa nyuma yetu.

"Si hapo, mama," alisema Alfonsi, mpiga kengele wa kanisa lile. "Hapo wamelala Wazungu, wenye viatu."

Mji wa kale wa Wareno ulikuwa umeng'ang'ania kilima: ngazi za mawe, kuta nyeupe, mapaa mekundu yaliyopandana hadi kanisani. Tulikuwa tumetoka Njombe kwa miguu, tukavuka Ruvuma kwa mtumbwi, mama akisali kila tulipopumzika. Ombi lake lilikuwa moja: Mungu amjalie kumrudisha baba nyumbani.

Baba yangu, Filemoni, alikamatwa Makambako wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, akatwishwa sanduku la risasi. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni. Mwenzake aliyerudi alisema baba alifia kwenye mji huu, kwa kuhara damu. Kwetu, aliyefia mbali huzikwa kwa udongo wa kaburi lake. Bila huo, msiba haufungwi. Nimekua nikimwona mama akikaa matanga yasiyoisha.

"Lete udongo, shemeji," baba mdogo Nahumu, mkubwa wa ukoo, alikuwa akimwambia mama, "nami nitachimba."

"Wapagazi walizikwa wapi?" nilimuuliza Alfonsi.

Alionyesha bonde chini ya ukuta. Palikuwa na shimo kubwa lililojaa maji, bata wakiogelea.

"Walifukiwa pale. Vita ilipokwisha mapaa yalikuwa yameungua, na udongo wa bondeni ni mzuri. Tukafyatulia vigae."

"Na mifupa?"

"Tuliitoa, dada. Ile tuliyoiona."

Mama hakulia. Aliinua macho akayatazama mapaa, moja baada ya jingine, kama anayemtafuta mtu katika umati. Kisha akaikung'uta kaniki, udongo wa wenye viatu ukarudi chini. Kando ya ngazi palikuwa na kigae kilichoanguka. Akakiokota.

"Bwana Yesu, wewe unamjua," alisema, akakifunga kwenye kaniki.

Nyumbani Nahumu alikigeuzageuza mkononi.

"Shemeji, nilikuambia udongo. Hiki ni cha kuezekea."

"Ni udongo. Umepita motoni tu."

"Hakimwagiki kaburini."

Mama alikichukua, akakiponda juu ya jiwe lake la kusagia ulezi, akapiga magoti. Alisaga mchana kutwa, wala hakukubali kupokewa. Jua lilipoinama Nahumu alichukua jembe, akaenda kuchimba. Unga ule mwekundu haukujaza hata viganja vya mama. Tuliimba, tukamzika baba.

Asubuhi mama alilifuta jiwe, akasaga ulezi. Ugali ulikwaruza meno. Nahumu aliacha kutafuna, akamtazama. Mama alikuwa amefumba macho, akirudia sala ya chakula.

Tulikula wote. Hakuna aliyetema.