Jino Zima Hurudi Kwao

Mama Askale alikuwa ameinama juu ya kikaango, anageuza kahawa isiungue, aliposikia kitu kinagonga bati la mlango kwa chini. Akadhani ni kuku wa jirani. "Shii!" akasema. Kikagonga tena, kwa adabu. Akainuka kwa shida, magoti yakimlalamikia, akafungua. Kizingitini palikuwa na jino lake, lile la juu alilong'olewa Jumanne kwa Daktari Sirak, limelowa umande na lina vumbi la barabara ya sokoni. Akalipisha. Jino likapita kando ya jiko, likapanda kwenye sinia la vikombe, likaingia katika kikombe anachonywea shoga yake Belaynesh, likatulia humo.

Askale akafunga mlango haraka, maana baridi ya Debre Birhan ikipata upenyo haikuachii mfupa. Kisha akakaa, akashusha pumzi. "Na wewe pia," akaliambia. Lile lililokuwa jirani yake kinywani lilikuwa limerudi juzi, na lilikuwa humo humo kikombeni, pamoja na mengine yaliyotangulia.

Kurudi kwenyewe si ajabu. Mtaani kwetu kila mtu anajua kwamba jino bovu likishang'olewa halirudi, linaishia kwenye bakuli la daktari na habari yake imekwisha. Linalorudi ni jino zima, lililong'olewa bila kosa. Huwa linafika asubuhi, limechoka, na mwenyewe hulifungulia. Mzee Bekalu, dereva wa lori mstaafu anayekaa ng'ambo ya uzio, aling'olewa meno Addis Ababa na bingwa mwenye vyeti ukuta mzima. Yakaja kwa miguu, yakafika baada ya mvua kwisha, yamesagika ncha. Moja lilipotea, likaenda nyumba aliyokuwa amepanga zamani, na mpangaji mpya akamletea ndani ya kiberiti, huku akilalamika kwamba limemwamshia mtoto.

Kilichomkata maini Askale ni kwamba sasa alijua. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa mabovu kweli, na hayo hayakurudi. Haya mengine yalikuwa mazima, na yalikuwa nje ya kinywa chake.

Wala hakwenda kwa daktari kutafuta urembo. Uzuri wake ulikwisha kuliwa zamani na jiko, watoto na ujane, na hakuwa na kinyongo nao. Askale ndiye mtunga mbolezi wa mtaa. Mtu akifa, chama cha kuzikana kinafunga hema, wanawake wanajifunga mashuka yao meupe, na Askale anasimama kati yao kumtaja marehemu: alikuwa nani, alimfaa nani, aliudhi nani. Anataja mstari, wanawake wanaupokea kwa kilio, na hata waliokuja kwa ajili ya chakula wanajikuta wanafuta macho. Lakini meno ya mbele yalipoanza kucheza, maneno nayo yakaanza kumtoka na upepo. Msibani kwa muuza vyungu vijana walicheka nyuma ya hema, na Askale aliwasikia.

Mwaka huo huo Belaynesh akavimba miguu, halafu tumbo, akawa hatoki kitandani. Hao wawili walikuwa pamoja tangu wanasuka nywele za usichana. Siku moja Belaynesh akamwita karibu.

"Sikiliza, shoga. Nikifa, vijana wa chama wasiniletee kile kipaza sauti chao cha mbolezi za kwenye simu. Kinamlilia kila mtu maneno yale yale. Mimi nataka unitaje wewe."

"Nitakutaja. Ila ujue kinywa hiki siku hizi kinapiga filimbi."

"Kakitengeneze, basi. Nitakusubiri."

"Utanisubiri kweli, au ndiyo maneno ya mgonjwa?"

"Nitajitahidi. Wewe usikawie tu."

Basi Askale akaanza kutafuta daktari wa kuaminika, na kazi hiyo usimtakie adui yako. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja: "La kwako lilirudi?" Kwa kila daktari aliyetajwa, lilikuwa limerudi. Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakuna jino lililopata kumtoroka: Sista Hirut wa kituo cha afya, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza. Anachong'oa yeye kimekufa kweli. Askale akapanga foleni tangu alfajiri, akakaa kwenye kiti chake, akafungua kinywa.

"Haya mawili ya mbele yamekwisha," Hirut akasema. "Yaliyobaki ni mazima, mama. Yatunze."

"Mwanangu, uniwekee mengine mahali pa hayo mawili. Nina kazi nayo."

"Mimi nang'oa tu. Kuziba sina dawa, kuweka sina vifaa. Nimeomba mpaka wanaoombwa wananikimbia."

"Sasa nani anaweka?"

Hirut akavua glavu zake, akazitazama. "Anayeweka unamjua. Amekulisha."

Ni kweli, alikuwa amemlisha. Daktari Sirak hakosi harusi wala ubatizo wala msiba. Chakula kikifika anaosha mikono, anakunja kipande cha injera, mkate wetu mwembamba laini, na mchuzi ndani yake, anazunguka kuwalisha wazee tonge mdomoni mmoja mmoja. Tonge hilo tunaliita gursha, na halikataliwi. Ukipewa, unafungua kinywa wazi, kwa heshima. Mkono wake ni laini, una harufu ya karafuu, na wakati unatafuna yeye anakutazama kwa upendo, kichwa amekiinamisha kidogo upande. Halafu anakunong'oneza: "Mama yangu, lile la nyuma linakuaga." Wagonjwa wake wote aliwapata hivyo. Ungemwambia mtu wa mtaani kwetu akamchunguze daktari kabla ya kumwendea, angekushangaa. Huyu si amenilisha? Mkono uliokulisha hauulizwi cheti.

Kwa hiyo Askale alikwenda. Sirak aliyang'oa mabovu mawili vizuri, hata Askale hakuhisi. Halafu akasema haya ya pembeni nayo lazima yapishe, ili safu mpya ikae sawasawa. Askale akasema Sista Hirut ameyasifu. Sirak akacheka taratibu, akasema Hirut ni binti mzuri sana, masikini, tatizo ni vifaa. Akaendelea mpaka safu yote ya juu ikaisha.

Sasa Askale alifunga meno yake katika kitambaa, akajitanda shuka, akapanda mtaa wa juu mpaka kliniki. Barazani walikuwa wamekaa watu anaowajua wote, na karibu kila mmoja alikuwa na kitambaa chake mfukoni. Mzee Bekalu alikuwa wa pili kutoka mlangoni.

"Na wewe, Bekalu? Baada ya yote yale ya Addis?"

"Ndiyo maana nimekuja hapa, dada. Kule lilitembea mpaka likaisha kisigino. Huyu wa hapa, likirudi, linarudi bado zima."

"Huo nao ni utaratibu?"

"Ni uzee," Bekalu akasema, akasogea ampishe akae.

Alipoingia, alifungua kitambaa mezani. Sirak akayaangalia, akatabasamu kama mtu aliyeona watoto wa jirani.

"Aa, yamefika. Yalipata njia bila shida?"

"Daktari, kama yalikuwa mabovu, yamerudi kufanya nini?"

"Mazoea tu, mama yangu. Jino umeishi nalo maisha yako yote, utalizuiaje? Uwe unafunga mlango vizuri, na baridi hii."

"Nirudishie kinywani, basi."

"Likishatoka, mahali pake panafunga. Sasa tusubiri fizi zipoe. Zikipoa tutatazama ya chini, maana ya juu hayawezi kukaa kama ya chini hayajakaa."

"Nina mgonjwa ananisubiri, daktari. Hawezi kusubiri sana."

"Pole sana," Sirak akasema, na alikuwa anamaanisha. Ndilo tatizo la mtu huyo: kila anachosema anakimaanisha.

Fizi zikapoa polepole, kama kila kitu cha mzee. Askale alikuwa anakwenda kwa Belaynesh kila alasiri, anamkalisha, anamnywesha kahawa kwa kijiko. Belaynesh alikuwa anamfungua midomo kwa vidole vyake vilivyovimba, anachungulia.

"Bado?"

"Bado."

"Huyo daktari wako anajenga kanisa humo?"

"Anabomoa kwanza."

Belaynesh akacheka mpaka akakohoa. Alikufa Ijumaa, kahawa ikiwa bado jikoni. Alikuwa amejitahidi kama alivyoahidi, na Askale hakuweza kumlaumu. Aliyemlaumu ni yeye mwenyewe, halafu daktari, halafu tena yeye mwenyewe. Akalia peke yake kwanza, kwa sauti mbaya, kama mtu asiye na ufundi wowote wa kulia.

Hema likafungwa. Vijana wa chama walileta kipaza sauti chao wakakipachika juu ya mti wa hema, na mmoja akaja kwa heshima kumwambia Askale apumzike, leo asijisumbue, kila mtu anaelewa hali yake. Askale alikuwa anafungua kitambaa chake cha meno. Akayatia meno kinywani yote kwa pamoja, kama unavyotupia shayiri ya kukaanga, akafunga midomo. Yalizunguka kidogo humo ndani, yakagongana, kila moja likaenda mahali pake likasimama. Hata pengo la mbele yakalifunika kwa kusogeleana. Mahali palikuwa hapajafunga.

Akasimama kati ya wanawake, akataja:

"Uliyekanda mikate
ya kila harusi yetu,
leo tumekuja wote,
mbona hatupewi kitu?"

Maneno yalitoka yamekatwa safi, hakuna upepo. Wanawake wakapokea. Kijana wa kipaza sauti akauchomoa waya, akabaki ameushika. Askale akamtaja Belaynesh kwa mikate yake, kwa hasira zake, kwa mume wake aliyemfukuza na kumrudisha na kumfukuza tena. Mwisho akashusha sauti:

"Amka basi, mwenzangu,
kahawa inakungoja;
kikombe chako na changu,
leo naosha kimoja."

Hapo hema lote lililia. Mzee Bekalu alilia akiwa ameziba kinywa. Sista Hirut, aliyekuja na sare yake ya kazi, alilia akitazama chini. Daktari Sirak alilia kuliko wote, machozi yakamlowesha ndevu, na hayakuwa ya kujilazimisha.

Baada ya mazishi watu walirudi hemani kula. Askale aliyatema meno taratibu kwenye kitambaa. Yalikuwa ya moto na hayakuwa na nguvu tena. Alijaribu kuyarudisha, yakaanguka ulimini kama vijiwe. Yalikuwa yamekuja kwa ajili ya Belaynesh, na kazi yake yameimaliza. Ndipo Mzee Bekalu alipomsogelea akamwambia kwa sauti ya chini kwamba na yeye, siku yake ikifika, hataki kile kipaza sauti.

"Na wewe pia unanisubiri?" Askale akauliza.

"Sina haraka. Ila fanya upesi."

Daktari Sirak alikuwa amekwisha osha mikono. Alizunguka hema, akawalisha wazee, akafika kwa Askale, macho yake bado mekundu. Akakunja injera vizuri, akachovya, akanyanyua tonge. Hema zima linatazama, ni chakula cha msiba cha rafiki yake. Askale akafungua kinywa.

"Umenichoma moyo leo, mama yangu," Sirak akasema, na kichwa akakiinamisha upande. "Na nikuambie ukweli, yale yalikuwa meno mazuri. Yalikaa vizuri sana."

Tonge lilikuwa kubwa, na Askale hakuwa na jino la juu la kulitafunia.

Huku tunasema tonge moja huleta ugomvi. Kwa hiyo Sirak akamkunjia la pili, na safari hii akamlisha kwa upande mwingine, kutokea chini.

"Haya ya chini sasa," akanong'ona. "Njoo Jumanne."

Askale akalimeza zima zima. Akamtazama Sista Hirut ng'ambo ya hema, na Hirut akamtazama, na mikono ya Hirut ilikuwa mitupu mapajani. Basi Askale akamwangalia Bekalu, halafu akaitikia kwa kichwa.

Jumanne asubuhi alipika kahawa mapema, akanywa peke yake. Kikombe cha Belaynesh kilikuwa kimejaa meno ya juu, kwa hiyo alikiosha kile chake, akakifuta, akakiweka kando yake kwenye sinia lile lile. Akajitanda shuka. Alipofika mlangoni akakumbuka, akarudi kuchukua jiwe, akauzuia mlango ubaki wazi kidogo, ili ya chini yakija yasikae nje kwenye baridi yakigonga. Halafu akashika njia ya kwenda kliniki.