Karatasi za Mashine ya Hewa

Hapa Uvira kitu chochote chenye waya kina karatasi zake, na karatasi hizo hazitupwi. Usinielewe vibaya, hakuna anayezisoma. Tunazitunza kwa sababu kwenye bariyeri za askari barabarani wataziuliza, na asiyekuwa nazo anaonekana mwizi wa kitu chake mwenyewe. Redio, paneli ya sola, pasi, kila kimoja kina kijitabu chake ndani ya plastiki, kabatini, pamoja na vyeti vya ubatizo. Mimi nimefundisha watoto kusoma kwa miaka ishirini na miwili, na kwangu ni hivyo hivyo.

Mashine ya hewa aliileta shemeji yangu André kutoka Bujumbura. Mume wangu Norbert alichomelea vyuma miaka thelathini bila kufunika pua, mapafu yakachoka, na daktari alisema bila oksijeni ya nyumbani hatamaliza msimu wa mvua. André alivuka nayo mpakani Kavimvira ameikumbatia. Jambo la kwanza aliloniambia mlangoni ni kwamba karatasi zipo, kurasa arobaini za Kifaransa, na muhuri wa duane, yaani forodha, kwenye jalada. Sote tulifurahi. Norbert alikishika kijitabu, akalinganisha namba ya jalada na namba iliyo mgongoni mwa mashine, akasema iko sawa. Nikakiweka kabatini, tukabonyeza kitufe kikubwa. Kitufe kikubwa kila mtu anakijua.

Ilifanya kazi. Miezi minne Norbert alikaa na mrija puani, akila, akibishana na redio, akinikosoa ninavyokaanga ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Umeme ukikatika nilimsogeza dirishani tukangoja urudi. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba tutazeeka hivyo.

Ilipoingia mwezi wa tano taa ndogo ya njano iliwaka kando ya ile ya kijani. André alisema kwa simu kwamba ni umeme mdogo. Mtaa mzima ulikuwa na umeme mdogo siku hizo, kwa hiyo tulimwamini. Norbert alilalamika kwamba inamchoma macho anapolala mchana. Nikakata kipande cha sparadra, ile ya kufungia vidonda, nikakibandika juu yake. Akanishukuru. Wiki tatu baadaye, siku ya Jumanne baada ya chai, alifia kwenye kiti chake, na mashine ilikuwa ikinguruma kama kawaida.

Watu walisema saa ya Mungu imefika. Nami nilisema hivyo, kwa mchungaji, kwa wanangu, kwa kila aliyenishika mkono. Sikulia. Wanawake wa kwaya walikuwa wakinitazama, nikajaribu, haikutoka kitu. Nilirudi shuleni, nikasahihisha madaftari, nikala nilichowekewa. Nikiulizwa hali nilisema nzuri, na sikuwa nadanganya, maana sikusikia chochote.

Ndipo Jolie alipotuma ujumbe. Ni mkulima wa mihogo kule Runingu, mama yake anapumua kwa shida, na muuguzi wao alimwambia kwamba kuna mjane Uvira mwenye mashine iliyokaa bure. Alisema atakuja Jumamosi, na aliuliza jambo moja tu, kama karatasi zipo.

Jumamosi asubuhi nilikitoa kijitabu nikakaa nacho mapajani kumngoja. Sikuwa na nia ya kukisoma. Lakini mwalimu akikaa na maandishi macho yanatembea yenyewe, na yangu yalitembea hadi ukurasa wa kumi na moja. Palikuwa na mchoro wa taa. Ya njano, kilisema kijitabu, maana yake oksijeni imepungua. Osha chujio, jambo ambalo hufanywa kila juma. Ikiendelea kuwaka, mpe mgonjwa oksijeni kutoka kwingine na mwite fundi. Kifaransa chepesi kabisa, cha darasa la sita.

Niliigeuza mashine. Nyuma kulikuwa na kimlango ambacho miezi yote ile sikukiona, na ndani yake sifongo, ndilo chujio lenyewe. Vumbi lilitoka kipande kizima. Nikaiosha, nikaianika kambani, ilipokauka nikairudisha. Nikabandua sparadra, nikabonyeza kitufe kikubwa, nikakaa mbele yake. Baada ya dakika chache ilibaki taa ya kijani peke yake.

Labda angekufa tu. Mapafu yale yalikuwa yameisha, daktari alishasema. Sitajua kamwe. Nilijitazama nikitafuta uchungu, nikakuta nawaza kwamba kamba ya nguo imelegea.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua habari ya sparadra ila mimi na marehemu. Ningempa Jolie mashine na karatasi, naye angekitia kijitabu kwenye plastiki, na siku taa ikiwaka kwa mama yake wangesema Runingu nako umeme ni mdogo.

Jolie alifika saa sita, mwanamke mnene mwenye haraka. Alilinganisha namba, akapapasa muhuri, akaridhika. Nilimwambia afungue ukurasa wa kumi na moja. Akacheka kidogo, akasema Kifaransa hajui, aliishia mwaka wa nne wa shule ya msingi, anasoma Kiswahili tu.

“Lakini haina shida, Madame,” alisema. “Ku bariyeri wanaangaliaka namba tu.”

Nilichana karatasi ya daftari nikaandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa za darasa la kwanza. Mstari wa sifongo. Mstari wa taa. Kisha kalamu ikaendelea, nikaandika mstari wa tatu ambao haumo kwenye kijitabu. Jolie alikuwa ameshaanza kuifunga mashine kwenye kitenge. Alipokea karatasi, akaikunja mara mbili, akataka kuitia pamoja na zile nyingine.

“Ntaisoma ku nyumba,” alisema.

“Hapana. Utaisoma hapa, na sauti.”

Aliniangalia kama mtu aliyepewa adhabu, lakini akaikunjua. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

“Osha sifongo kila juma, uikaushe. Taa ya njano ikiwaka usiifunike, ita fundi. Mimi Pélagie niliifunika, na bwana yangu Norbert akakufa.”

Kidole kilisimama. Akauliza bila kuinua macho, “Ni weye, Madame?”

“Ni minye.”

 Alishika ile karatasi kwa mikono miwili. Sentensi hiyo nilikuwa nimeiandika kama ninavyoandika ubaoni, lakini sasa ilikuwa imesemwa na kinywa cha mtu mwingine nyumbani kwangu. Nilimwambia arudie mstari wa mwisho, kama ninavyowaambia watoto. Akaurudia, na hapo nikalia.